Taarifa ya Mwamuzi, Upande wa Nyuma

Fomu ina mistari mitatu tu chini ya neno MAJERUHI,
na mwandiko wangu ni mkubwa, wa mwalimu wa ubao,
kwa hiyo nimegeuza karatasi.

Dakika ya sabini na moja. Uwanja wa Pasua, Moshi,
goli la kaskazini, ambako nyasi zilikufa tangu Februari
zikaacha vumbi na kokoto.
Mpira wa juu. Kipa wa wenyeji, Ndeshi Elingaya, kidato cha tatu,
akatoka golini kama mtu aliyeitwa jina.
Mshambuliaji naye akaja na goti.
Sikupuliza kwa ajili ya faulo. Nilipuliza kwa ajili ya mlio:
kibuyu kimeanguka kwenye sakafu ya saruji.

Mchezaji mwingine akiumia, sheria inanitaka nimtoe,
atibiwe nje ya chaki, asubiri mkono wangu umwite.
Kipa, hapana.
Kipa hutibiwa pale pale alipoangukia,
wenzake wakanywa maji, saa ikasimama.
Wanafunzi hudhani huo ni upendeleo.
Mimi nilikaa golini miaka minne, najua:
hupelekwi nje, basi huna pa kulilia.

Matroni alikuja mbio na sanduku
lililoandikwa kwa kalamu nyekundu USIAZIME.
Ndani: spiriti, bandeji moja, wembe.
Barafu alitoa mama auzaye ubuyu wa barafu getini,
vifuko vitano, hakudai hela.
Kimoja kikapasuka, kikamtiririka Ndeshi shingoni, chekundu,
na upande mzima wa mashabiki ukapiga yowe.

Nikapiga magoti.
Leo siku gani?
"Ijumaa." Kweli.
Mnacheza na nani?
"Kibosho." Kweli.
Matokeo?
"Moja bila. Tunaongoza sisi."

Ilikuwa mbili mbili.
Na ile penalti aliyoidaka dakika ya hamsini,
ile iliyowafanya mabeki wambebe mabegani,
haikuwamo tena kichwani mwake.
Imefutwa, kama hesabu ubaoni kengele ikilia.

Mwalimu Kirita, kocha: "Mwamuzi, dakika tisa tu.
Amekaa. Ameongea. Ijumaa ameijua."
Na Ndeshi kweli alikwisha vaa glavu,
ya kushoto mkono wa kulia.

Goti huchechemea, nikamwambia, kila mtu akaona.
Kichwa hunyamaza.
Anatoka.

Kipa wa akiba alikuwa msibani Mwika.
Akateuliwa Aikande, winga, mfupi,
ambaye mikono yake haijawahi kufika mwamba hata kwa kuruka.
Sheria: kipa avae rangi yake peke yake.
Jezi ya rangi hiyo ilikuwa moja duniani, na ilikuwa imevaliwa.
Akina mama wakashika khanga nne, wakageuza nyuso,
jezi ikahama mwili hadi mwili
ikiwa bado mbichi kwa jasho na ubuyu.
Sijui kama kuna kifungu kinachoruhusu khanga uwanjani.
Sikukitafuta.

Dakika ya sabini na nane, shuti la mbali, jepesi,
la kudakwa na mtu anayetafuna muwa.
Likapita juu ya vidole vya Aikande.
Tatu kwa mbili, Kibosho.
Wenyeji walisema nimenunuliwa kwa kreti ya soda.
Hawakutaja soda gani.

Naongeza jambo moja, kwa kuwa karatasi bado ina nafasi.
Gari la mkuu wa shule lilipokuwa likigeuza kuelekea Mawenzi,
Ndeshi alitoa kichwa dirishani, khanga imefungwa kilembani,
akaniuliza mimi, si kocha:
"Mwalimu, bado ni moja bila?"
Nikasema ndiyo.

Naomba ijulikane, basi,
kwamba mwamuzi alitoa matokeo yasiyo sahihi.
Sahihi yangu ipo upande wa mbele.